Vitone vya Shangazi Zuwena

Jumamosi, 3 Oktoba 1998
Inatangazwa rasmi, hapa Hail, kwa Waarabu, mezani pangu, baada ya chai ya pili: neno chungwa lina tahajia nne. Wananchi watulie.
Zote za mtu mmoja. Shangazi Zuwena aliyenilea. Barua zake za Unguja, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Ch mara kwa shini, mara kwa jimu ya vitone vitatu. P mara be tupu. Chuo sijasoma, lakini nna nadharia: akiwa na hasira huongeza vitone. Jumatano ya tarehe 14 nawahutubia kinamama wa Ansab. Shangazi siku hizi yuko kwangu, barua atawasomea mwenyewe.

Jumanne, 6 Oktoba
Shangazi hataki kusoma. Eti kichwa. Jana lilikuwa goti.
Bi Rahma kaja kutoka Mabela, mambo ya harusi. Mwanawe anamuoa binti yangu. Unguja alikuwa jirani wa Shangazi, ukuta kwa ukuta. Wanacheka jikoni. Nikiingia, kimya.

Ijumaa, 9 Oktoba
Nimembana Shangazi. Nikampa barua moja. Kasoma vizuri, kwa sauti, habari za harusi ya jirani. Barua niliyompa ilihusu paa linalovuja.
"Mwanangu, mie kusoma sijui. Kuandika ndo kabisa. Nikisema mie, akiandika aliyekuwa karibu."
Nimekaa sakafuni. Hasira gani! Vitone vyenyewe vya majirani.

Jumapili, 11 Oktoba
Leo ndiyo imeniingia. Na barua zangu mimi, nani alimsomea? Niliandika kila kitu. Mume wangu. Wifi zangu. Na Rahma: mchoyo, mnafiki, akinipa maji ntayanusa kwanza.
Nimemuuliza Shangazi. Yeye anachambua mchele wake.
"Rahma. Ana sauti nzuri ya kusomea. Pale pa maji tulicheka, wallahi!"
Harusi Alhamisi. Akiivunja je? Binti yangu anajaribu hina, hajui kitu.

Jumatano, 14 Oktoba
Hotuba nimeiahirisha. Nimesingizia goti.
Nimepeleka nguo za harusi Mabela. Rahma kanipa gilasi ya maji.
"Nusa kwanza, mkwe mwenzangu."
Nimekunywa yote bila kupumua.

Ijumaa, 16 Oktoba
Wameoana. Nyumba kimya. Shangazi kalala.
Jibu la ile barua ya maji ninalo bado. Tahajia safi kuliko zote, kila kitone mahali pake. "Usimseme Rahma, mwanangu. Rahma ni mtu mwema sana, tena mzuri wa sura."
Nimeilinganisha na kikaratasi kilichokuja na bakuli la halua kutoka Mabela.
Mwandiko ni wa Rahma.