Yangeyange wa Igoma

Jumatano, 9 Julai 2025

Leo nimewasimulia watoto ile hadithi ya baleti niliyojifunzia kucheza Dar. Binti wa mfalme, mchawi anamgeuza ndege mweupe, anaishi ziwani na wenzake. Nikawaonyesha picha ya bata maji. Hakuna aliyewahi kumwona. Kisha Rose akapaza sauti: si yangeyange huyo, mwalimu?

Basi, ikawa yangeyange. Wakaanza kutembea kwa ncha za vidole, shingo mbele, wakidonoa kupe kwenye ng'ombe wasioonekana. Hilo sikuwafundisha mimi! Nimecheka mpaka machozi.

Mchawi nimemfanya Malimi. Ana miaka saba, anaruka kama ana springi miguuni. Nikamfunga kitenge cheusi mabegani, akauzunguka ukumbi wote wa parokia kikipepea. Sijawahi kumwona na furaha vile.

Ijumaa, 11 Julai

Malimi hakuja. Wenzake wanasema bibi yake amemkataza. Kwa nini? Wakakimbilia mazoezini.

Nimekasirika kweli. Kuna watu bado wanadhani kucheza ni uhuni.

Jumatatu, 14 Julai

Nimekwenda kwao na hasira zangu. Najuta.

Bibi alikuwa anachochea kuni, macho mekundu kwa moshi. Shikamoo, marahaba, akanipa kigoda. Akaongea polepole. Kijijini kwao walimwita mchawi kwa ajili ya macho hayo hayo. Jirani yake, naye mzee mwenye macho kama yake, alikatwa mapanga. Yeye akatoroka usiku, akaja kwa mwanawe hapa Igoma. Hapa hakuna aliyejua kitu. Sasa watoto wanaimba njiani: Malimi mchawi, Malimi mchawi! Na mama Rose ameuliza dukani, mbele za watu, mambo hayo mtoto anajifunza kwa nani nyumbani.

“Wewe ni wa Bukoba, mwanangu,” akaniambia. “Huku neno hilo hatulichezi.”

Eti wa Bukoba! Hata kwetu linajulikana. Na habari za vikongwe kuuawa nimezisikia redioni miaka yote niliyokaa hapa Mwanza. Ila kwangu ilikuwa hadithi tu, na kitenge. Nimeona aibu mpaka nikashindwa kumaliza chai.

Jumanne, 15 Julai

Nimebadilisha. Mchawi ni mimi! Watoto wameshangilia sana. Bibi amekubali Malimi arudi, awe yangeyange anayeongoza wenzake. Amerudi, ila amenuna. Kitenge kilikuwa changu, anasema. Alinikazia macho muda wote nikikifunga.

Nimemwalika bibi kwenye onyesho letu la Jumamosi, akae mbele, watu wamzoee. Hellen, msaidizi wangu, mzaliwa wa hapa, anaona nina haraka. Maneno ya dukani, anasema, hayaishi kwa mtu kukaa kiti cha mbele. Nikamuuliza, basi yataisha kwa njia gani? Akaendelea kukata manyoya ya karatasi.

Jumamosi, 19 Julai

Naandika nyuma ya pazia, kitenge shingoni.

Bibi amefika wa kwanza. Gauni la kanisani, kilemba kipya. Amekaa mbele kabisa. Wazazi wanaingia, wanamwamkia vizuri sana — shikamoo bibi, shikamoo bibi — halafu wanapita kwenda nyuma. Safu nzima ya mbele iko tupu. Wengine wamesimama ukutani! Hakuna aliyemtukana. Wangemtukana ningejua la kufanya.

Malimi amechungulia. Mbona bibi yuko peke yake? Nikasema ni ili aone vizuri. Uongo mtupu! Ameniangalia, akakusanya mabawa yake ya shuka, akashuka, akaenda kuketi naye. Bibi anamsukuma arudi. Hasogei. Amemlalia begani.

Na Rose naye ameshuka! Nyuma yake wengine, mabawa yanaburuza sakafuni. Nimewaita kwa kunong'ona, hakuna anayesikia. Hellen ameshawasha muziki na jukwaani hakuna ndege hata mmoja. Nimebaki mimi, mchawi.

Rose ameshika mkono wa bibi, anamwonyesha manyoya yake ya karatasi. Bibi ameinama kuyatazama. Analia au anacheka, sioni vizuri kutoka huku.

Mama Rose ameinuka kule nyuma. Anakuja mbele, haraka, mkoba kwapani. Ukumbi mzima umegeuka kumtazama. Kando ya Rose kuna kiti kitupu. Sijui anakuja kumtoa mtoto, au —