Nywele za Jubilei na Perruque Niliyoificha

Mpendwa Mama Adèle, naomba msaada wako, na naomba uwe wa haraka, kwa sababu jubilei ya ndoa ya mama mkwe wangu ni Jumamosi ya wiki ijayo. Naitwa Eliane, nina miaka ishirini na sita, nakaa Bungulu hapa Beni, kazi yangu ni kushona nguo, na nimechumbiwa na kijana wa Butembo anayeitwa Zacharie, ambaye sina neno baya la kusema juu yake.

Shida ni nywele. Mwaka jana nilijipaka dawa ya kulainisha, kabla ya kuiosha akaingia mteja kuchukua gauni lake, tukaanza kubishana juu ya mikono ya gauni, yeye anasema inabana, mimi nasema amenenepa, na nilipokumbuka kichwa changu nywele zilitoka pamoja na maji. Nikanyoa zote, na hata leo hazijapita urefu wa kidole. Ndipo nikanunua perruque, nywele za bandia za kuvaa, ile ya mawimbi ya kizamani, inayojikunja na kurudi ndani kwenye shingo kama walivyokuwa mama zetu katika picha zisizo na rangi, na kusema kweli ilinikaa vizuri mpaka watu barabarani waligeuka. Nikaivaa siku Zacharie aliponipeleka Butembo kuonana na mama yake, Mama Kahongya.

Mama huyo aliponiona mlangoni alisahau hata salamu. Aliingia chumbani, akarudi na picha ya harusi yake ya miaka hamsini iliyopita, na nywele zake humo ni zile zile, wimbi kwa wimbi. Akaniuliza, «Iyi nywele, ni nani alikutengenezea?» Na mimi, sijui ni shetani gani alinishika ulimi, nikajibu, «Ni mie mwenyewe, mama, ku nyumba.» Zacharie naye akaongeza kwa majivuno, «Mama, Eliane anajua kila kazi ya mikono.» Maskini, hajui kitu, tangu tujuane hajaniona bila perruque au kitambaa cha foulard kichwani.

Mama akaja nyuma yangu, akapitisha vidole kwenye mawimbi, akashuka polepole mpaka shingoni, akakaa hapo kidogo, akatabasamu. Kisha akasema, «Basi ni weye utanitengenezea siku ya jubilé. Mikono yangu hainyanyuke tena, na ku salon mie siende. Utakuya siku mbili mbele, tutabakia sisi babili mu chumba, tutafunga mulango.» Nikasema wasingya, nikashukuru kwa Kinande ili anipende zaidi, na tangu hapo dada zake wote wamepigiwa simu kwamba mkwe mpya ana mikono ya ajabu.

Niliporudi nikaanza kujifunza juu ya kichwa cha rafiki yangu Hadassa, ambaye ana nywele nyingi na uvumilivu mwingi. Mara ya kwanza nilitumia bigudi, vile vigurudumu vya kukunjia nywele, nikafungua zikiwa na maji, zikalala kama majani ya mboga yaliyopikwa. Mara ya pili niliweka maji ya sukari ili zishike, na kweli zilishika, lakini nyuki walimfuata mpaka kwenye mazoezi ya kwaya na waimbaji wa sauti ya pili wakatoka nje. Mara ya tatu nilikunja kwa vitambaa, nikamkalisha juani saa tatu nzima, na mawimbi yakatoka mazuri. Donc sasa nimepanga kufika Butembo Jumamosi yenyewe saa kumi na mbili asubuhi, nimkunjie, misa ni saa nne, nifungue, tuondoke, asipate muda wa kuniangalia karibu. Hadassa yeye anasema ninunue perruque ya pili, ya mvi, nimvishe mama wakati amefumba macho anasali. Baba yangu ni mzee wa kanisa letu la Kiprotestanti, na huko kwa Zacharie ni Wakatoliki walionikubali baada ya maneno mengi. Wakijua nimeanza kuwadanganya kabla hata ya ndoa, naona uchumba umekufa. Nijifanye mgonjwa? Nisaidie, mama.

Eliane, Bungulu


Mama Adèle anajibu:

Eliane mwanangu, barua yako nimeisoma nikicheka, na nyuki wa Hadassa sitawasahau. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Ulidanganya, na ulidanganya bure, maana hakuna aliyekulazimisha. Ungesema «ni ya kununua, mama, nilipenda sura yake», mngecheka wote wawili na habari ingeisha. Na huyo Hadassa mpe pole ya kichwa chake, lakini ushauri wake uache huko huko. Mwanamke wa jubilei avishwe nywele za duka akiwa anasali? Mnamwogopa nani nyinyi?

Halafu mpango wako wa Jumamosi asubuhi ni mpango wa mtu wa Beni kabisa. Huko kwenu jua linakausha kichwa kama linavyokausha shati. Butembo saa kumi na mbili ni baridi, na ukungu unakaa juu ya mabati mpaka watu wamalize chai. Ukimfunga mama nywele zenye maji saa hiyo, saa nne utafungua vitambaa vyenye maji, na atapiga picha za jubilei na yale majani yako ya mboga.

Sasa jiulize. Nani asiyejua kazi hii angesema «siku mbili mbele»? Mama Kahongya anajua vizuri nywele za kukunjwa zinachukua muda gani kukauka katika mji wake, kwa sababu wakati wa ujana wake ndivyo walivyofanya, jikoni, kwa vitambaa na makaratasi ya mfuko wa simenti. Mimi mwenyewe nilifungwa hivyo. Na mwanamke wa namna hiyo alishuka na vidole mpaka shingoni mwako, pale perruque inapoishia, akakaa hapo kidogo. Unafikiri alikuwa anatafuta nini? Alijua, Eliane. Alijua na mtoto wake amesimama hapo anajivuna. Angeweza kukuaibisha papo hapo, lakini alikuomba uje mapema, mbaki wawili, mlango umefungwa. Mtu anakupa mlango wa kutokea na wewe unataka kuugua.

Kwa hiyo utafanya hivi. Leo, kabla hujala, mpigie Zacharie umwambie ukweli wa dawa, wa kunyoa na wa perruque. Akikasirika kidogo, mwache akasirike, ana haki. Alhamisi panda gari uende Butembo ukiwa na foulard tu, perruque ibaki Bungulu.

Siku hiyo hiyo mwoshe mama nywele, mpake mafuta, msuke mabutu manne makubwa ili zikauke zikiwa zimenyooka. Ijumaa asubuhi fumua. Chemsha bamia, zile wengine wanaita dongodongo, chuja maji yake vizuri, loanisha vidole tu, si kichwa kizima, na sukari sitaki kuisikia. Kata vitambaa vya kikwembe cha zamani, kilicholainika. Anza kwenye ncha, kunja kuelekea ndani, funga karibu na ngozi bila kuvuta, hasa pembeni mwa uso, maana nywele za mtu wa umri wake ni chache na zinauma. Mbabula, jiko la makaa, usiingize chumbani mkiwa mmefunga mlango, watu wanakufa hivyo. Mfunge foulard, akae nayo mpaka Jumamosi. Asubuhi fungua kimoja cha nyuma, uguse. Kikiwa baridi, bado kina maji, ngoja. Kikiwa kikavu, fungua vyote polepole, gawa mawimbi kwa vidole vyenye mafuta, na kitana usikiguse isipokuwa kurudisha zile za shingoni ndani.

Lakini yote hayo ni baada ya kusema. Usiseme Ijumaa, wala usingoje mpaka umfurahishe kwanza. Sema Alhamisi, maji yakiwa motoni. Vua foulard yako mbele yake, umwonyeshe hizo za urefu wa kidole, na umwambie, «Mama, zile zilikuwa za kununua. Nilikudanganya. Mikono ninayo, lakini nimejifunza juzi.» Kisha funga mdomo, usiongeze sababu. Kama nimemsoma vizuri mwanamke huyo, hatakuuliza neno juu ya perruque. Atavuta kiti, atakaa akikupa mgongo, na atakuuliza, «Maji imeisha kupata moto?»