Mkojo wa Kaka kwenye Kichupa Changu

Wewe, si jana nilikutambia kwamba figo zangu ni za chuma, na kipimo cha mkojo hakina hata sindano ya kuogopa? Futa. Futa yote.

Miguu imenivimba wiki ya tatu hii, nikaingiwa na woga. Asubuhi nikampa kaka kichupa anijazie, nikamdanganya nataka kukufanyia wewe mzaha. Si unamjua kaka, fahali mzima, kule ghalani anabeba magunia mawili mawili! Nikajua mkojo wake ni maji ya chemchemi. Nikaandika jina langu.

Hospitalini, mama wa maabara akachovya kile kijikaratasi cha kupimia. Kikageuka kijani. Akachovya kingine. Kijani kilekile. "Mwanangu, protini ni nyingi mno. Figo zinavuja. Umwone daktari leo hii."

Figo zinavuja! Za kaka!

Mama yangu, aliyenisindikiza, akanikumbatia analia: "Mimi ninazo mbili, utachukua moja." Nitamwambiaje kwamba mgonjwa ni yule aliyemuaga asubuhi akipiga mluzi? Nikinyamaza, kaka anaendelea kubeba magunia na figo zinazovuja. Na zangu hata hazijapimwa!

Nimejifungia chooni hapahapa hospitalini. Nifanye nini, ndugu yangu? Nimpigie kaka au

Ngoja, mlango unagongwa.

Ni yeye. Mama kamwita aje kunifariji. Hagongi tena, anauliza polepole: "Mdogo wangu, kile kichupa nilichokujazia asubuhi kiko wapi?"