Kidonge cha Daku

Embu, 4 Januari 1997

Kwako Baba,

Assalamu alaikum. Mimi mzima, hofu ni kwenu tu, wewe na Mama hapo Majengo. Baba, kalamu inanikimbia kwa furaha! Daktari aliyekupima ulipokuja hapa zahanati kwetu amekubali kukubadilishia dawa ya presha. Ile ya mara tatu kwa siku, iliyokunyima saumu mwaka jana ukawa unakula umejifungia nyuma ya bucha, basi tena! Hiki ninachokutumia ni kimoja tu kwa siku. Kimeze wakati wa daku. Kinalegeza misuli ya mishipa yako kutwa kucha, damu ipite bila kusukumwa kwa nguvu. Ramadhani hii utafunga!

Mwanao, Rahema

Meru, 16 Januari 1997

Mwanangu Rahema,

Waalaikum salaam. Sisi hatujambo, ila nimejiponza. Nilifunga siku za kwanza kifua mbele. Jana nikaona kidonge kimoja kitachoka adhuhuri, nikakigawa kwa kisu cha maini: nusu daku, nusu futari. Nusu ya kwanza nikaitafuna, ishike upesi. Muda si muda, nikifungua bucha alfajiri, uso ukawaka, moyo ukaenda mbio, kizunguzungu kikaniangusha kwenye gogo la nyama. Bundi, mteja wangu, akaninywesha maji. Nimeona haya sana. Je, niache kabisa kufunga?

Baba yako

Embu, 18 Januari 1997

Baba mpenzi,

Waonaje hali sasa? Nimeshika kichwa, kisha nikacheka, nisamehe. Baba, hicho si ini! Kimetengenezwa kiachie dawa kidogo kidogo hadi kesho yake. Ukikikata au kukitafuna, dawa nyingi inamwagika kwa mpigo na presha inaporomoka. Kimeze kizima. Lakini usifunge tena kabla daktari wa hapo Meru hajakupima. Miguu ikivimba, mwambie. Niandikie upesi, tafadhali.

Mwanao, Rahema

Meru, 12 Februari 1997

Mwanangu,

Idd mubarak! Hatujambo wote. Usinune kwa kimya changu, niliogopa kujisifu kabla sijafika. Nimefika! Daktari alinipima, akaniruhusu, nami nikakimeza kizima kila daku hadi mwezi ukaandama. Juzi presha ilikuwa mia thelathini na nane kwa themanini na nne. Nilipiga kelele hadi wagonjwa wakageuka. Na sikiachi ng'o, Ramadhani iwepo isiwepo.

Leo nimeanza kulipa zile siku tano nilizokula nikingoja ruhusa ya daktari. Alfajiri nilinyata jikoni nisimwamshe mama yako, nikamkuta ameshapasha uji. Anafunga nami zote tano, na yeye hadaiwi hata moja.

Baba yako, Jamaldin