Mlima Nilioupa Jina la Shangazi

Mpendwa Mshauri, naomba unisaidie, nakuandikia nikiwa nyuma ya migomba ili nisionekane, na neno hili sijamwambia mtu, hata Vero ninayelala naye chumba kimoja: ule mlima wa Mabira ambao watu wanasema nimeupa jina la shangazi yangu kwa heshima, sikuupa kwa heshima, niliupa kwa kumcheka.

Nimemaliza kidato cha nne, mimi si msemaji, na nadhani ndiyo maana kaka Placidius, kiongozi wa kikundi chetu cha vijana kinachotengeneza njia ya watalii wa kutembea kwa miguu, ile ya kutoka vilima vya Nyabiyonza kupitia Mabira hadi Nyakatuntu, alinikabidhi kifaa cha GPS, akasema asiyepiga soga ndiye atakayekumbuka kubonyeza, basi kila tukifika mahali pa kutambulika nabonyeza na kuandika jina, ili mgeni akija na begi lake mgongoni asipotee. Sasa juu ya Mabira kuna mlima ambao ukiona kilele ukakifikia unakuta si kilele, kuna kingine nyuma yake, na mwenzetu Polikarpi aliyebeba sufuria akalalamika, "Huu mlima haujui kuaga?" Hapo nikamkumbuka shangazi Adelgunda, maana mgeni akitoka kwetu shangazi humsindikiza, wakifika mgomba wa mwisho anasema, "Haya, tutaonana," halafu anaanza habari nyingine, wakifika barabarani anaanza nyingine tena, mpaka mgeni anasimamisha bodaboda hata isiyoelekea kwake. Nikacheka peke yangu, nikaandika ADELGUNDA, nikijua jioni nitalifuta, kumbe kabla ya jioni Placidius alikuwa ameshaituma ramani ikachapishwe.

Sasa imebandikwa ukutani kwenye mgahawa wa hapa kijijini, na shangazi aliiona akauliza, "Placidius mwanangu, jina langu limefikaje huku?" Naye akamjibu, "Mama, binti yako amekuheshimu." Shangazi akaligusa jina lile kwa kidole, akasema maneno machache kuliko kawaida yake, "Mimi sikuzaa. Kumbe nitaitwa na mlima." Tangu hapo ameisimulia jumuiya nzima, amenunua raba, na Jumamosi wageni wa kwanza wanakuja naye anapanda nao, na katekista atakuwepo, na shangazi anataka nisimame kule juu nieleze kwa nini nilichagua jina lake. Nikisema kweli nitamvunja moyo mtu aliyenilea, nikidanganya nitadanganya mbele ya katekista. Nifanyeje? Tafadhali usimwambie mtu.

Binti wa Mabira

*

Binti yangu,

Nilicheka, kisha nikaacha, maana nami ni shangazi wa watu, na wiki iliyopita mgeni wangu alipanda bodaboda nisiyojua ilikuwa inakwenda wapi.

Umeficha jina lako ukaniandikia la shangazi na la mahali mlima ulipo. Shukuru kwamba "Adelgunda" ni jina nililolibandika mimi. La kweli nimelikata. Na ulipewa kifaa cha kuongoza watu ukakifanya cha kusengenya. Barua nzima sijaona ulipotaja maji. Je, uliweka alama ilipo chemchemi, au ulikuwa na kazi ya kucheka?

Lakini soma tena ulichoandika. Kwenu anayemwacha mgeni mlangoni huitwa mchoyo. Shangazi yako haachi mtu mlangoni. Na mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto, anayeishi na binti asiyefungua kinywa, ulitaka maneno yake akayamalizie wapi?

Usisubiri Jumamosi. Mlima utamwambia kabla yako, akiwa kwenye kilele cha pili, na magoti yake yataelewa haraka. Leo jioni mkimenya ndizi, kaa karibu naye, mwamkie upya hata kama ulimwamkia asubuhi, useme: "Shangazi, jina lako niliandika kwa utani, kwa sababu mlima ule nao hausindikizi mtu kwa haraka. Nisamehe." Sema hivyo hivyo, usitie sukari. Atanuna. Mwache anune, mwenye habari nyingi za kusimulia hawezi kununa muda mrefu. Akitaka ulifute, lifute akiona. Akitaka libaki, libaki, na Jumamosi kule juu mwachie aeleze mwenyewe. Wewe beba maji ya kutosha, maana hamtashuka mapema.

Nanyi wasomaji wa Mabira, najua mlima mmeshautambua. Binti anahitaji jioni moja tu. Mkikutana na shangazi kabla ya hapo, msalimieni, mkubali kusindikizwa hadi mwisho bila kucheka, na haya mengine, nawaomba, yabaki kati yetu.