Makofi Niliyopiga Ruiru

Ruiru, Jumatatu

Mama yangu mpendwa,

Je, goti limeacha kukusumbua? Na yule ng'ombe mweusi amezaa? Sisi tunapumua, tunamshukuru Mungu. Kazi ya kuchuma kahawa huku shamba la Theta bado ipo, na mjukuu wako Nekesa ameota meno mapya ya mbele, yale ya utoto yametoka. Nakuandikia kwa sababu kwa simu siwezi. Kuta zetu ni za mabati, na siku hizi naogopa majirani wakisikia nikiongea Kibukusu.

Usishtuke, nitakueleza. Jumamosi mheshimiwa mmoja anayetafuta kura alikuja uwanjani hapa. Nilienda na Nekesa na jirani yangu Mama Shiru, yule aliyeniazima jiko nilipohamia. Aki Mama, kuongea huyo mtu anajua! Alianza na Kiswahili. Akasimulia vile mamake alikuwa akilala njaa ndio yeye ale, akatoa leso, akapangusa macho. Kina mama wakalia, na mimi nikakukumbuka wewe, nikalia kabisa. Akasema sisi sote ni watoto wa nyumba moja. Nilipiga makofi hadi viganja vikawasha.

Halafu akageuza, akaingia Kikuyu. Watu wakacheka, nikacheka. Wakapiga makofi, nikapiga, maana nilidhani bado ni ile habari ya mamake. Nikamuuliza Mama Shiru amesema nini. Akaangalia chini, akasema ni siasa tu.

Nekesa ndiye aliniambia tukirudi. Si unajua amezaliwa huku, Kikuyu anakisikia kuliko Kibukusu.

"Alisema wageni wamekuwa vumbi ndani ya nyumba, na vumbi lazima lifagiwe kabla ya kura," akaniambia. Kisha akauliza, "Mama, mbona ulipiga makofi?"

Nilimshika mkono, tukaharakisha kwenda nyumbani.

Ni aibu, Mama, lakini hofu imezidi aibu. Sasa naogopa hata watu ninaowapenda. Jana Mama Shiru aliniletea sahani ya githeri, akafunga mlango, akaniambia polepole, "Huyu mtoto muite Wambui kidogo, jina la Kikuyu, mpaka kura iishe." Alisema kwa roho safi, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwa maana yeye anasikia yale mimi sisikii.

Nakuomba umpokee Nekesa shule zikifungwa. Mimi nitabaki, nikiacha kazi hatutakula. Atasumbuka na lugha huko, mfunze polepole, wala wasimcheke. Leo asubuhi nilimwita kwa jina lake akicheza nje na wenzake. Alikuja mbio, akaniziba mdomo kwa mkono.

Msalimie Baba, na ndugu yangu mdogo anayechunga hapo nyumbani. Shangazi wa kwaya mwambie asiache kututaja akiomba. Nyuma ya bahasha sikuandika jina langu, na sitaliandika hapa. Mwandiko unaujua.

Ni mimi,
kifungua mimba wako.