Panya wa Vizimba vya Kushoto

Mpendwa mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi, tena umekula. Huku sote tu wazima. Mgongo wangu unauma kwa zamu, wifi yako anakusalimu, na watoto wanakua hadi viatu vinawakimbia. Mama nilimpigia Jumapili. Anasikia anachotaka kusikia, kwa hiyo masikio yake ni mazima.

Shemeji amenieleza kwamba tangu mkunga akuambie una kisukari, na mimba ina miezi mitano, umeacha kula mchana. Anasema chakula cha jioni unakipekuapekua kama karani anayetafuta faili. Anasema pia mama amekwambia hayo ndiyo matokeo ya ulafi, nawe ukaitikia. Wewe, ambaye tulikuwa tukikutania kwamba upepo ukivuma tukufunge kamba! Haya ninayotaka kusema hayafai kwenye simu. Ningekohoa kidogo, nikageuza mazungumzo.

Kazi yangu unaijua: naosha vizimba vya panya kwenye maabara ya utafiti. Ni mwaka wa kumi na moja sasa, na mtu akiosha huku wasomi wanaongea, mwisho naye anasoma bila ada. Mwaka huu tulikuwa na panya wenye mimba, safu ya kulia na safu ya kushoto, wote wa ukoo mmoja, wanafanana vinasaba kama sahani za seti moja. Wa kulia walishibishwa. Wa kushoto walipewa nusu. Watoto walipozaliwa, wote wakawekwa kwenye chakula kimoja cha kupimwa.

Bosi wetu, mama mmoja tunayemwita Mizani kwa sababu hupima hata chumvi ya mwenzake, alinieleza kwamba njaa haifuti maandishi ya vinasaba. Alinionyesha kabati la stoo. Vitu vyote vimo, alisema, ila njaa hupita ikibandika karatasi kwenye droo: hii ifunguliwe, hii isiguswe. Mtoto anazaliwa droo zake zimeshapangwa kwa dunia yenye dhiki. Panya wengine hata huwarithisha watoto wao hizo karatasi.

Mimi nikawahurumia wale wa kushoto. Kila nikimaliza kuosha, nikawa nawatilia watoto wao punje za ziada. Wakaninenepea, nikajiona mfadhili. Damu yao ilipopimwa, sukari ilikuwa juu kupita matarajio yote. Mizani akagombana na mashine. Alibadilisha betri, akabadilisha vijiti vya kupimia, akanibadilisha hata mimi zamu. Nikaona nikiri. Hakunifukuza. Alisema afadhali ningewaibia, kwa maana mwili uliojiandaa kwa njaa, ukimiminiwa shibe, hauna pa kuiweka.

Nilipindua ndoo nikaikalia. Maana wewe, mdogo wangu, nimekufanyia yote mawili.

Mama alipokuwa na mimba yako nilikuwa na miaka tisa. Ulikuwa mwaka wa ukame. Yeye alikuwa akipiga pasi kwenye kiwanda cha sare, na kila mchana bibi alinituma nimpelekee bakuli la maharage. Nyuma ya kiwanda kulikuwa na matangi ya maji. Nilikaa hapo nikala, mwanzo vijiko viwili, baadaye lote. Bakuli nikalificha, nikaingia kwa mama mikono mitupu, nikasema bibi amesema leo jiko halikuwaka. Kwa bibi nikarudisha bakuli na kusema mama ameshukuru. Walikuwa hawasemeshani, ndiyo maana uongo wangu ulidumu. Mama alikunywa maji akarudi kwenye pasi. Miezi mitatu! Na bibi alikufa mama akimwona mchoyo.

Ukazaliwa kama kijiti, nikaanza kufidia. Zile biskuti, zile soda, zile pipi nilizokushindilia mifukoni hadi ukaniita kaka mwema, sasa unajua zilitoka wapi.

Nilimuuliza Mizani kama ndivyo ilivyokuwa kwako. Akasema hawezi kuapa. Kisukari kina milango mingi, na panya si watu. Nilifurahi, kisha nikaona haya kwa kufurahi. Lakini jambo moja alilisema bila kupima: mwenye mimba asinyimwe chakula. Unachojifanyia sasa ndicho nilichomfanyia mama. Nakuomba ule kama mkunga anavyokupangia, kiasi chake na saa yake, usiruke mlo. Adhabu niachie, hiyo nitaila mwenyewe.

Mama naye nimemwandikia. Barua yake nimeituma kabla ya hii, nisije nikaghairi. Akikupigia analia, mwache alie, halafu umwambie kwamba bibi alipika kila siku.

Mpe shemeji salamu zangu, na umshukuru kwa kukusemea. Jibu lako nitalipokea likija na matusi, na lisipokuja nitaelewa.

Ni mimi kaka yako.